Vimeng'enya vinavyokata, kushika na kuachilia kromosomu wakati mbegu ya kiume inapoundwa

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mada ya uzazi wa mwanamume huletwa hapa mara kwa mara, na karibu kila mara mjadala huishia kwenye wingi wa mbegu, kasi yake ya kuogelea, na dawa za kuongeza vyote viwili. Leo naomba tuingie ndani zaidi, mpaka kwenye kiini cha seli iliyomo korodanini. Mbegu zinaweza kuwa nyingi na zenye kasi lakini zikabeba kromosomu zisizo kamili au zilizozidi, na wapo wanaume wenye afya tele, wasio na kasoro yoyote ya kuonekana kwa macho, ambao kimeng'enya kimoja tu, yaani protini inayoendesha kazi fulani ndani ya seli, kimewakosesha uwezo wa kupata hata mbegu moja inayofaa. Hoja yangu ni moja: vimeng'enya vinavyozuia kazi isianze kabla ya wakati wake, au isipite kiasi, vina uzito uleule wa vimeng'enya vinavyoifanya kazi yenyewe. Mifano yote nitakayoitoa, ya panya na ya watu, inahusu uwiano huo na yanayotokea ukivurugika.

Tuanze na msingi. Binadamu ana kromosomu 46 katika jozi 23, na panya wa maabara ana 40 katika jozi 20. Ili mtoto asipate idadi maradufu, mbegu na yai lazima kila kimoja kibebe nusu. Mgawanyiko unaoleta nusu hiyo ni meiosisi: seli hunakili DNA yake mara moja tu, kisha hugawanyika mara mbili. Katika mgawanyiko wa kwanza, kromosomu iliyotoka kwa baba huachana na mwenzake iliyotoka kwa mama. Katika wa pili, nakala mbili za kromosomu moja, ambazo huitwa kromatidi dada, ndizo zinazoachana. Kwa binadamu safari yote, kuanzia seli shina hadi mbegu iliyokamilika, huchukua takriban siku 74, na zaidi ya wiki tatu za safari hiyo hupita katika hatua moja ndefu iliyo kabla ya mgawanyiko wa kwanza. Huko ndiko mambo makubwa yanakotendeka.

Ugumu uko hapa. Kromosomu ya baba na ya mama haziwezi kuachana kwa utaratibu kama hazikukutana na kufungwa pamoja kwanza, kwani nyuzi zinazozivuta zinahitaji mvutano wa pande mbili ili seli ijue kwamba kila moja imeelekea upande wake. Namna ambayo mamalia, kama viumbe wengine wengi, huzifunga pamoja ni ya kushangaza: seli huikata DNA yake yenyewe, kwa makusudi, katika mamia ya sehemu.

Mkataji ni protini iitwayo SPO11. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yaliifikia kwa njia tofauti, moja likiwa la Scott Keeney na Nancy Kleckner nchini Marekani, waliofanya kazi na hamira, na jingine la Ufaransa lililochunguza kimeng'enya cha vijidudu vya kundi la arkea. SPO11 ni jamaa wa vimeng'enya vya topoisomerasi, ambavyo kazi yao ya kila siku ni kukata DNA, kuondoa msokoto, kisha kuiunga tena. SPO11 hukata nyuzi zote mbili lakini haiungi. Hubaki imeng'ang'ania ncha zilizokatwa mpaka iondolewe. Tena haifanyi kazi peke yake: mwaka 2016 ilibainishwa protini mwenzake, TOPOVIBL, na pamoja huunda mtambo unaofanana kwa umbo na topoisomerasi kamili. Panya walioondolewa jeni ya SPO11, walioelezwa na maabara mbili mwaka 2000, hawana mbegu kabisa. Kromosomu zao hushindwa kutafutana, na seli hufa kabla ya kugawanyika.

Katika kila seli ya panya dume iliyo katika hatua hii hutokea mikato kati ya 200 na 300. Kati ya hiyo, ishirini na kitu tu ndiyo inayoishia kuwa mabadilishano halisi ya vipande kati ya kromosomu ya baba na ya mama. Iliyobaki huungwa bila mabadilishano. Kwa mwanamume, mabadilishano hayo ni takriban 50 kwa kila seli. Kila jozi lazima ipate angalau moja, maana hilo ndilo fundo linaloishika jozi hadi wakati wa kuachana.

Mahali pa kukata hapachaguliwi ovyo. Kuna kimeng'enya kingine, PRDM9, ambacho hutangulia na kuweka alama. Upande mmoja kina vidole vya zinki vinavyosoma herufi za DNA. Upande wa pili kina uwezo wa kubandika vikundi vya methili kwenye histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA huzungushiwa, na alama hiyo ndiyo inayoelekeza mahali mkato utakapotokea. Mwaka 2010 makundi matatu yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba PRDM9 ndiyo inayopanga maeneo haya kwa binadamu na panya. Jambo linalotugusa sisi Waafrika ni kwamba vidole hivyo vya zinki hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika ulionyesha takriban maeneo 2,500 ya mabadilishano ambayo yana nguvu kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi lakini karibu hayafanyi kazi kabisa kwa Wazungu. Ramani ya mabadilishano iliyochorwa kwa kutumia damu ya Wazungu peke yao ilikuwa imeyaacha, na hilo ni sababu tosha ya kudai kwamba tafiti za jeni zifanyike pia kwa watu wa kwetu.

Sasa nifike kwenye uzuiaji. Kimeng'enya chenye uwezo wa kuikata DNA mara mia tatu kina uwezo wa kuikata mara elfu tatu. Anayekidhibiti ni ATM, kimeng'enya cha aina ya kinasi, yaani kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Mkato wa kwanza ukitokea, ATM huamka papo hapo na kuzuia mikato mingine isitokee jirani. Panya wasio na ATM wana mabaki yanayoachwa na mikato ya SPO11 zaidi ya mara 10 ya kawaida, na madume yao ni tasa. Watafiti walipopunguza jeni ya SPO11 katika panya hao, kutoka nakala mbili kuwa moja, seli nyingi ziliendelea mbele zaidi kuliko hapo awali. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kupita wote kwamba madhara yalitokana na ukataji uliokosa breki, kwa kuwa kumpunguza mkataji kulipunguza madhara.

Baada ya mkato, MRE11 na EXO1 huumega uzi mmoja ili ule mwingine ubaki mkia mtupu, kisha RAD51 na DMC1 huufunika mkia huo na kuupeleka ukatafute mfuatano unaolingana nao kwenye kromosomu mwenza. DMC1 hupatikana katika meiosisi tu. Jozi zinapopatana, protini hujipanga kati yake na kuzifunga kama zipu, na ndani ya zipu hiyo vimeng'enya RNF212 na HEI10 huamua ni mikato ipi itakayokuzwa kuwa mabadilishano: cha kwanza huimarisha protini za mahali palipochaguliwa, cha pili huziondoa pasipochaguliwa. Mwishoni MLH1 na MLH3, wakifanya kazi pamoja, hukata mahali nyuzi za DNA zilipopishana, kwa namna inayoacha mabadilishano. Panya anayekosa kimojawapo kati ya hivi vinne ni tasa.

Nitaendelea na mgawanyiko wenyewe baadaye. Nakaribisha maswali.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyotulia. Nina jambo linanitatiza. Umesema kila jozi lazima ifungwe kwa angalau mabadilishano mamoja kati ya kromosomu zinazolingana. Mwanamume ana X na Y, ambazo tulifundishwa shuleni kwamba hazilingani kwa ukubwa wala kwa jeni. Je, hizo hufungwaje? Na je, seli haizioni kuwa ni kasoro, kwa kuwa sehemu kubwa ya X haina mwenza?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote katika mada hii, na kwa mwanamke halimo, kwa kuwa X zake mbili hulingana.

X na Y zinalingana katika vipande vidogo sana vilivyoko nchani. Kwa binadamu, kipande kikuu kati ya hivyo kina urefu wa herufi takriban milioni 2.7, wakati X nzima ina zaidi ya milioni 150. Kwa panya kipande hicho hakifiki hata milioni moja. Kama mikato ingesambazwa sawasawa, mara nyingi kipande hicho kisingepata mkato hata mmoja, na jozi ya X na Y ingebaki bila fundo. Kwa hiyo seli hukipa upendeleo. Katika panya, DNA ya eneo hilo hupangwa kwenye mhimili, yaani uti wa protini unaoibeba DNA ya kromosomu, ulio mrefu kuliko inavyotarajiwa kwa urefu wake, mikato hutokea huko kwa kuchelewa baada ya kromosomu nyingine kukaribia kumaliza, na SPO11 inayohusika ni ya umbo fupi liitwalo alfa, tofauti na lile la beta linalofanya kazi mapema. Panya waliokuwa na umbo la beta peke yake waliziunganisha kromosomu nyingine bila shida, lakini X na Y zilishindwa kukutana katika seli nyingi.

Fundo hilo linaposhindikana, mbegu inaweza kubeba X na Y kwa pamoja, au isibebe yoyote. Hali ya Klinefelter, ambapo mvulana huzaliwa na X mbili na Y moja, hutokea kwa takriban mvulana 1 kati ya 600, na karibu nusu ya visa hivyo kromosomu ya ziada imetoka kwa baba. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika familia nyingi mtoto akizaliwa na tofauti ya kromosomu lawama huelekezwa kwa mama peke yake.

Sehemu ya pili ya swali lako ni kuhusu eneo kubwa la X lisilo na mwenza. Naam, seli huliona, na hulichukulia kama hatari. Kinasi nyingine, ATR, ambayo ni ndugu wa ATM, hukusanyika kwenye mihimili ya X na Y ikisaidiwa na BRCA1, ile ile inayojulikana kwa saratani ya matiti. Kisha hubandika fosfati kwenye histoni H2AX, na protini MDC1 huieneza alama hiyo kwenye kromosomu zote mbili mpaka zinajikunja pembezoni mwa kiini na kunyamaza, yaani jeni zake karibu zote huacha kusomwa. Panya dume asiye na H2AX hushindwa kuzinyamazisha na ni tasa.

Kwa nini kuzinyamazisha ni lazima? Sababu mojawapo ilibainishwa mwaka 2010: kwenye Y ya panya kuna jeni za Zfy ambazo zikisomwa katika hatua hiyo huiua seli. ATR, kwa kubandika fosfati kwenye histoni, humwokoa mwenye Y dhidi ya jeni za Y hiyo hiyo. Ndiyo maana katika panya kasoro nyingi za kufungana kwa kromosomu huangusha mstari wa mbegu wote katika hatua ileile, hata kama chanzo cha kasoro kiko kwenye kromosomu nyingine: vimeng'enya vya kunyamazisha huvutwa kwenda huko, X na Y hubaki zikisomwa, na seli hufa.

#4 Mchangiaji, mwalimu wa baiolojia

Nimefuatilia kwa makini, na ningependa kuongeza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita huniuliza kila mwaka. Nyumbu anayezaliwa na punda dume na farasi jike ana kromosomu 63, kwa kuwa farasi ana 64 na punda ana 62, na vitabu vyetu vinaishia kusema kwamba kwa sababu hiyo ni tasa. Je, tofauti ya idadi ndiyo sababu pekee ya utasa wa machotara, au vimeng'enya ulivyovitaja vina sehemu yake?

#5 Mleta uzi

Mwalimu, kwa nyumbu tofauti ya idadi na ya mpangilio inatosha kuleta shida kubwa ya kufungana. Lakini idadi si sababu pekee, na mfano ulio wazi unatoka kwa panya wa aina mbili zenye kromosomu 40 kila moja.

Panya wa nyumbani wa Ulaya Mashariki na wa Ulaya Magharibi ni nususpishi mbili. Jike wa mstari fulani wa Mashariki akizaa na dume wa mstari fulani wa Magharibi, watoto wa kiume ni tasa, ingawa idadi ya kromosomu inalingana kabisa. Jiří Forejt na wenzake huko Prague waliifuatilia jeni inayohusika kwa miongo kadhaa, na mwaka 2009 walitangaza kwamba ni PRDM9. Ni jeni ya kwanza ya utasa wa machotara kutambuliwa kwa jina katika mamalia.

Maelezo yake ni haya. Kila PRDM9 hupendelea herufi fulani, na kila mkato unapoungwa kwa kunakili kromosomu mwenza, herufi zilizokatwa hupotea na nafasi yake kuchukuliwa na za mwenza. Baada ya vizazi vingi, kila nususpishi imepoteza maeneo ambayo PRDM9 yake iliyapendelea zaidi. Kwa chotara, PRDM9 ya upande mmoja hukuta maeneo mazima kwenye kromosomu ya upande wa pili tu, na hukata huko bila kukata mahali panapolingana kwenye mwenza wake. Mikato ya namna hiyo huungwa kwa shida, jozi hazifungani, na seli hufa. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford walibadilisha vidole vya zinki vya PRDM9 ya panya wakaweka vya binadamu, ambavyo vilikuwa vigeni kwa kromosomu za pande zote mbili na hivyo havikuwa vimemomonyoa maeneo ya upande wowote. Machotara wa kiume waliopata jeni hiyo walipata uwezo wa kuzaa. Huu ndio mfano ambao ningewapa wanafunzi wako baada ya nyumbu.

#6 Mleta uzi, mwendelezo

Niingie sasa katika mgawanyiko wenyewe, kama nilivyoahidi.

Kromatidi dada hushikwa pamoja na protini za kohesini, zenye umbo la pete, na katika meiosisi kiungo kimoja cha pete hizo ni REC8. Ni pete hizohizo zinazolifanya fundo la mabadilishano lisiteleze. Ili jozi ziachane, REC8 lazima ikatwe, na anayeikata ni separasi, kimeng'enya cha kuvunja protini. Panya ambao separasi yao imeondolewa katika seli za mbegu, au ambao REC8 yao imebadilishwa isikatike, huunda seli zinazoshindwa kuziachanisha jozi.

Ugumu wa separasi ni uleule wa SPO11: kazi yake haina kurudi nyuma. Pete ikikatwa mapema, kromosomu hutawanyika. Kwa hiyo separasi hushikiliwa na protini iitwayo sekyurini, na pia na kinasi CDK1 pamoja na saiklini B1. Vizuizi hivi huondolewa pale tu mtambo mkubwa wa APC/C unapovibandika yubikwitini, alama ya kuvipeleka vikavunjwevunjwe. APC/C nayo huzuiwa na kundi la ulinzi, zikiwamo kinasi MPS1 na BUB1, maadamu kuna kromosomu ambayo haijashikwa na nyuzi za kuivuta. Hesabuni wenyewe: kimeng'enya kimoja cha kukata, na juu yake ngazi tatu za kuzuia.

Bado kuna swali. Separasi ikishaachiliwa katika mgawanyiko wa kwanza, kwa nini isikate pete zote, zikiwamo zile za sentromia, yaani mahali pa kromosomu panaposhikwa na nyuzi za kuvuta, ambazo zinapaswa kuzishika kromatidi dada mpaka mgawanyiko wa pili? Jibu ni kwamba REC8 hukatika kwa urahisi ikiwa na fosfati. Kwenye sentromia hukaa protini SGO2, ya familia ya shugoshini, ambayo huleta kimeng'enya PP2A, na PP2A huondoa fosfati hizo muda wote. Panya wasio na SGO2 huishi na kukua kama kawaida, lakini madume na majike ni tasa, kwa kuwa dada huachana mapema na mbegu hupata idadi ovyo ya kromosomu. Mnyama mzima wa afya hushindwa kuzaa kwa sababu tu fosfati haikuondolewa mahali fulani kwa wakati fulani.

Sasa nitoe kisa cha binadamu, nacho kinatoka barani mwetu. Nyuzi za kuvuta hushika kromosomu kwa kubahatisha, na mara nyingi hukosea, kwa mfano kwa kushika pande zote mbili kutoka nguzo moja, yaani upande mmoja wa seli. Kinasi za familia ya Aurora ndizo hukata ushikaji uliokosewa ili ushikaji mwingine ujaribiwe, na ndizo zinazosaidia seli kukatika vipande viwili mwishoni. Aurora B hufanya kazi hiyo mwili mzima. Aurora C hufanya kazi yake hasa katika seli za uzazi, na katika korodani imesheheni.

Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa lilieleza kuhusu wanaume wenye asili ya Afrika Kaskazini ambao mbegu zao zote zilikuwa na vichwa vikubwa na mikia mingi. Wote waliopimwa awali walikuwa na badiliko lilelile kwenye nakala zote mbili za jeni ya Aurora C: herufi moja, C, imedondoka katika nafasi ya 144. Herufi moja ikidondoka, usomaji wote unaofuata huhama, na protini hukatizwa kabla ya kufikia sehemu yenye uwezo wa kubandika fosfati. Vichwa vilikuwa vikubwa kwa sababu seli zilipitia hatua zote za kuunda kichwa na mikia bila kugawanyika: mbegu nyingi zilikuwa na DNA mara nne ya kiasi cha mbegu ya kawaida. Katika nchi za Maghreb, takriban mtu 1 kati ya 50 hubeba nakala moja ya badiliko hili, kwa hiyo mwanamume mwenye nakala mbili anatarajiwa kuwa takriban 1 kati ya 10,000. Kwa ugonjwa wa kurithi, huo ni wingi usio wa kawaida.

#7 Mchangiaji

Ndugu, nimesoma uzi wote kama mke ambaye kwa miaka kadhaa ndiye pekee aliyepelekwa hospitali, huku mume wangu akiambiwa hana tatizo kwa kuwa nguvu zake ni nzuri. Hatimaye alipima, na majibu yakaonyesha hana mbegu. Sasa ndugu wanamshauri atumie virutubisho, na mmoja amempendekezea sindano za homoni ya kiume. Je, vitu hivi vinaweza kurekebisha kimeng'enya? Na je, mwanamke mwenye badiliko hilo la Aurora C naye huwa tasa?

#8 Mleta uzi

Dada, pole kwa mzigo uliobebeshwa peke yako. Nitajibu kwa uwazi ambao naona unastahili.

Nguvu za tendo la ndoa na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili tofauti. Homoni ya kiume hutengenezwa na seli zilizo kati ya mirija ya korodani, na mbegu hutengenezwa ndani ya mirija hiyo. Mwanamume ambaye seli zake za mbegu hufa kwa kukosa MLH1 au DMC1 anaweza kuwa na homoni za kawaida, sauti nzito, ndevu na nguvu timilifu. Kumwambia mtu hana tatizo kwa kuangalia nguvu zake ni kumkosesha kipimo anachokihitaji, na ni kumwonea mkewe.

Virutubisho haviwezi kurudisha herufi iliyodondoka kwenye jeni. Kuhusu sindano za homoni ya kiume, naomba usimame imara: kwa anayetafuta mtoto ni kinyume cha tiba. Homoni inayoingizwa kutoka nje huifanya tezi ya pituitari ipunguze homoni zake za LH na FSH, ambazo ndizo huiamuru korodani. Kiasi cha homoni ndani ya korodani yenyewe hushuka, na uzalishaji wa mbegu unaweza kufikia sifuri. Wengi hurudia hali yao baada ya miezi kadhaa ya kuacha, lakini aliyeanza bila mbegu hana cha kunufaika nacho hapo.

Kinachofaa ni kumwona daktari wa mfumo wa uzazi wa wanaume, na kuuliza mambo matatu: kama mirija imeziba au uzalishaji wenyewe umesimama, kromosomu zake zikoje, na kama kuna vipande vilivyopotea kwenye kromosomu Y. Kukosa mbegu kuna sababu nyingi, nyingine zikiwa na tiba, kwa hiyo msikubali jina la ugonjwa kabla ya vipimo. Kisa cha Aurora C ni tofauti na cha mume wako, kwa kuwa hao mbegu wanazo, ila ndizo zisizofaa. Kwao kipimo cha jeni kina faida kubwa: kikithibitisha badiliko kwenye nakala zote mbili, madaktari hushauri wasitumie njia ya kudunga mbegu moja kwa moja ndani ya yai, kwani kromosomu zilizomo zimezidi, na wenzi huepushwa na gharama na maumivu ya majaribio yasiyoweza kufaulu. Hubaki na njia ya mbegu za mfadhili au kulea mtoto wa kuasili, kila familia kwa imani na hiari yake.

Swali lako la mwisho lina jibu la kutia moyo. Watafiti waliowatafuta ndugu wa kike wa wagonjwa hao walipata wanawake wenye nakala mbili za badiliko hilohilo ambao wamezaa. Inaelekea kwamba ndani ya yai Aurora B huziba pengo, jambo ambalo katika korodani za wanaume hawa halikutosha. Panya dume asiye na Aurora C naye si tasa kabisa, uzazi wake hupungua tu, na hilo linatuonya tusiyahamishe matokeo ya panya kwenda kwa binadamu bila uangalifu.

#9 Mchangiaji

Mkuu, swali fupi. Baada ya migawanyiko miwili kuisha na nusu ya kromosomu kupatikana, je, vimeng'enya vimemaliza kazi yao juu ya kromosomu, au kilichobaki ni kuota mkia tu?

#10 Mleta uzi

Hapana, mkuu, kuna hatua kubwa iliyobaki. Kichwa cha mbegu ni kidogo mno kuibeba DNA katika mpangilio wake wa kawaida. Histoni, ambazo DNA huzungushiwa, huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na protamini, protini fupi zenye chaji chanya nyingi zinazoibana DNA kwa nguvu zaidi. Kwa binadamu, histoni zinazobaki mwishoni ni takriban asilimia 5 hadi 15 tu.

Kuziondoa ni kazi ya vimeng'enya. Kwanza histoni H4 hubandikwa vikundi vya asetili vinavyolegeza mshiko wake. Kisha DNA, ambayo ilikuwa imezungushwa, hubaki na misokoto, na topoisomerasi 2 beta huikata na kuiunga ili misokoto iishe. Tofauti na SPO11, hii huunga ilichokikata; lakini zoezi likivurugika, mikato inaweza kubaki ndani ya mbegu iliyokamilika, ambako karibu hakuna uwezo wa kuirekebisha. Protamini zikishakaa, hufungwa kwa viungo vya salfa, na GPX4, kimeng'enya chenye seleniamu, hushiriki kuvikaza.

Hata hapa kuna kubandika na kubandua. Panya wasio na kinasi CAMK4 walijulikana tangu mwaka 2000 kuwa ni tasa, na kwa muda mrefu ilidhaniwa ni kwa sababu protamini ya pili inakosa fosfati. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba shida ni kinyume chake: CAMK4 huanzisha mfululizo unaoleta kimeng'enya cha kuondoa fosfati kwenye nafasi ya 56 ya protamini hiyo. Walipoibadilisha nafasi hiyo ili isiweze kupokea fosfati tangu mwanzo, panya wasio na CAMK4 walipata uwezo wa kuzaa.